Kebo ya Nne

Kazi yenyewe ilikuwa kebo nne. Kebo nne tu, seva mbili mpya, ghala moja la data, yaani mashine ya kutunzia kumbukumbu za ofisi, basi. Mtu anayeijua kazi anaimaliza kabla chai haijapoa. Na Tak Yeon-su alikuwa anaijua. Miaka tisa dada huyu alikuwa akifunga mashine za namna ile katika nusu ya miji ya Korea ya kati, na hakuwahi hata siku moja kuitwa kurudia kazi.

Kwa hiyo Jumamosi ile, saa kumi na moja na nusu jioni, mvua ya mwezi wa saba ikimwagika kama imetumwa, alivuka barabara kwenda kwenye mgahawa ulio mkabala na ofisi za ushirika wa wakulima wa jinseng, ile mizizi ya dawa. Alikuwa anafuata ufunguo wa chumba cha mashine. Begi begani, mkono wa kushoto mfukoni.

Mkono huo ulikuwa na baridi. Wiki ya tatu sasa. Alishauloweka kwenye maji ya moto, alishaupaka dawa ya kuchua, wapi! Vidole vilikuwa kama vya mtu anayeosha samaki wa barafu. Akajisemea ni viyoyozi vya vyumba vya mashine. Kila fundi na kilema chake.

Akasukuma mlango wa mgahawa, akasimama pale pale.

Kaka Gi-tae alikuwa amevaa shati la mikono mifupi.

Lazima umjue Eom Gi-tae ndipo uelewe kwa nini shati lilimsimamisha mtu mlangoni. Huyu alikuwa mkubwa wake kazini. Ndiye aliyempokea akiwa hajui hata kushika bisibisi, akamfundisha kazi kebo kwa kebo, akampigania kwa bosi mwaka ule alipotaka kufukuzwa. Yeon-su hakuwa na kaka wa tumbo moja, huyu alimtosha. Na miaka mitatu mizima huyu kaka alikuwa mgonjwa wa baridi. Kiangazi cha jasho, watu wanajipepea kwa karatasi, yeye yumo ndani ya koti zito mpaka kidevuni, supu ya moto mbele yake, meno yanagongana. Madaktari walimpima damu, wakampima tezi, wakachoka. Ofisini walimpachika jina la Bwana Koti. Alikonda mpaka yakabaki macho.

Sasa alikuwa na bakuli la tambi za baridi, vipande vya barafu vikielea, naye anakula kwa pupa. Jasho limemtoka puani.

"Kaka! Umepona!"

Gi-tae aliinua macho, akayashusha. "Ee. Dawa zimekubali."

"Tangu lini?"

"Wiki tatu hivi."

"Wiki tatu unanificha! Yaani mimi nakuchemshia tangawizi kumbe mwenzangu unatafuna barafu?" Yeon-su alicheka, na furaha yake ilikuwa ya kweli kabisa, machozi yalimlengalenga. Akanyoosha mkono amshike bega. Gi-tae akajikunja upande, ule mkono ukaangukia kiti.

"Sipandi na wewe," Gi-tae akasema, akimsukumia ufunguo kwa ncha ya kidole. "Kuna mteja atanipigia. Wewe funga kebo, andika majina ya seva kwenye ghala, shuka. Ukikuta majina mengine kwenye orodha, usiyaguse. Usilolielewa liache lilivyo. Umesikia?"

"Nimesikia, Kaka. Na siku si umeichagua mwenyewe? Kitaharibika nini?"

Siku aliichagua yeye, kweli. Katika kazi ile hakuna anayehamisha wala kufunga mashine kubwa siku yoyote tu. Huchaguliwa siku ambayo pepo wazururao hawako njiani. Hata bosi wao, msomi na miwani yake, hagusi mashine ya mteja bila kuuliza siku. Wiki tatu nyuma Gi-tae alikuwa amemwomba Yeon-su saa yake ya kuzaliwa, ampelekee mpiga ramli. Yeon-su hakuijua. Akampigia mama yake.

"Ya nini?" mama akauliza. "Saa ya kuzaliwa si namba ya simu, ukaigawa kila kona."

"Ni Kaka Gi-tae, mama."

"Aah, yule mwenye baridi? Mpe simu."

Wakaongea wenyewe dakika kumi nzima, mama akicheka, akimpa na masharti ya kunywa tangawizi. Akamtajia saa ya chui milia, kabla ya mapambazuko. Gi-tae akaulizia na hili na lile, akaandika yote kwenye kijitabu.

Basi. Yeon-su alichukua ufunguo, akarudi kwenye mvua.

Ushirika ulikuwa umefungwa tangu adhuhuri. Aliyemfungulia ni Shangazi Bong, mfagizi, mama wa miaka sitini na kitu, ndoo mkononi. Jengo zima lilinuka jinseng, ile harufu ya udongo mchungu inayoganda kooni.

"Bwana Koti hakuja leo?" Shangazi Bong akauliza.

"Yupo hapo mgahawani. Amepona, Shangazi! Koti amelivua kabisa, anakula barafu."

Ndoo ikatua sakafuni. Maji yakaruka.

"Amelivua?"

"Ndiyo."

Yule mama alimtazama usoni. Kisha macho yakashuka, taratibu, mpaka kwenye mfuko uliouficha mkono wa kushoto. Hakuomba ruhusa. Aliuvuta ule mkono nje, akaushika kwa viganja vyake vyenye povu, akauachia hima.

"Una mtu nyumbani, mwanangu?" alinong'ona.

"Nina mama. Kwa nini?"

"Basi nenda kwa mama yako. Sasa hivi. Hizo kebo ziache."

"Shangazi, Jumatatu wakulima watakuja kuangaliziwa mizigo yao. Nikiziacha..."

"Nisikilize." Sauti ilizidi kushuka. "Hicho chumba, kabla ya kompyuta, kilikuwa chumba cha baridi cha kutunzia mizizi. Kuna binti alifungiwa humo, mkesha wa sikukuu ya mavuno. Mwenzake ndiye alikuwa na ufunguo. Shoga yake wa kula naye sahani moja. Alijua kwamba yumo... akafunga, akaenda kwao kula sikukuu. Siku nne."

"Ulikuwepo?"

"Naambiwa. Wakubwa walisema ni ajali. Chumba kikakaa kitupu miaka thelathini, mpaka ilipoletwa hiyo mashine. Aliyeifunga mara ya kwanza, Bwana Noh, alikufia ndani ya gari lake mwezi wa nane, jua la utosi, vioo vimepandishwa. Walipomtoa alikuwa amelowa umande, mwanangu. Kama chupa iliyotolewa kwenye friji. Halafu akaja Bwana Koti kumalizia kazi ya marehemu. Akavaa koti."

Mvua iligonga mabati ya nyuma. Yeon-su aliurudisha mkono mfukoni. Aliogopa, haya, tusidanganyane. Lakini akawaza: kama kungekuwa na jambo, Kaka angeniambia. Hilo tu. Hilo ndilo lililompandisha ngazi.

Shangazi Bong alimfuata hadi mlangoni mwa chumba. Hapo akasimama.

"Mimi mwisho wangu hapa," akasema. "Humo ndani sifagii."

Chumba hakikuwa na dirisha. Taa nyeupe, sakafu ya kijivu, kabati moja refu la chuma lenye mashine. Juu yake alining'inia samaki mkavu aliyefungwa uzi mweupe, kama wanavyotundikwa kila panapofunguliwa kazi mpya, ili mkosi umshukie yeye badala ya watu. Macho ya samaki yalikuwa yameshika ukungu. Yeon-su alisogea. Haukuwa ukungu, ulikuwa barafu.

Mlango ukajifunga nyuma yake.

Akapita nyuma ya kabati. Sasa, jambo moja: mashine hizi zote, popote, huvuta hewa baridi kwa mbele na kuitema ikiwa moto kwa nyuma. Ukisimama nyuma ya ghala la data mwezi wa saba unatoka na jasho. Yeon-su alisimama nyuma ya ghala la ushirika.

Lilikuwa linatema baridi.

Na harufu... si ya samaki. Ilikuwa ya mizizi mibichi, na chini yake harufu nyingine, ya nguo alizolalia mgonjwa.

"Kiyoyozi kimeelekezwa vibaya," akasema kwa sauti, ili asikie mtu akiongea.

Akaanza kazi. Kila seva ina kebo mbili kwenda kwenye ghala. Njia mbili. Moja ikikatika, kazi inahamia kwenye nyingine kimya kimya, na aliyeketi ofisini hajui kama kuna kilichotokea. Hiyo ndiyo busara ya kazi ile, na aliyemfundisha ni Gi-tae: usimwache mtu kwenye njia moja.

Kebo ya kwanza. Tik.

Ya pili. Tik.

Ya tatu alipoichomeka, feni zilipunguza mlio. Alingoja. Hazikurudi juu. Akaishika ya nne kwa mkono wa kulia, ule mzima, akaisukuma.

Tik.

Baridi ikaingia kwenye kidole gumba cha kulia.

Haikuja kama upepo. Iliingia ndani, ndani ya mfupa, ikapita kiganja, kifundo, ikapanda hadi kwenye kiwiko, ikatulia hapo. Feni zote zikanyamaza kwa pamoja. Kisha zikaanza upya, polepole. Zinavuta... zinaachia. Zinavuta... zinaachia.

Yeon-su alisikiliza. Ule mwendo aliujua. Alibana pumzi.

Feni zikasimama.

Alipopumua, zikapumua.

Alikimbilia mlango, akasukuma, ukagoma. Akaita Shangazi, akapiga kwa ngumi. Hakuna. Akarudi akaishika ile kebo ya nne aichomoe, halafu akili ya kazi ikamzuia: usichomoe usichokielewa, angalia kwanza. Akafungua laptopu juu ya mapaja.

Ghala la data halimpi mtu diski hivi hivi. Lina orodha. Kila kompyuta inayotaka kuweka au kuchukua kitu humo lazima iandikwe jina na anwani yake. Isipoandikwa, ghala halijionyeshi kwake kabisa. Yeon-su alitarajia kukuta majina manne, ya seva nne za zamani. Alikuta manane.

Manne ya mwisho yalikuwa ya watu.

Noh Sang-pil. Hayupo.

Tak Yeon-su. Imeunganishwa, njia mbili.

Ok Bun-rye. Inasubiri.

Eom Gi-tae. Imechakaa, itumike nyingine zote zikikosekana.

Na mahali pa anwani paliandikwa mwaka, mwezi, siku na saa ya kuzaliwa. Yake ilikuwa pale, imenyooka, saa ya chui milia. Duniani walioijua saa hiyo walikuwa watatu, yeye mwenyewe, mama yake na Gi-tae. Na Ok Bun-rye, aliye wa pili kwenye foleni, ndiye mama yake.

Akafungua kumbukumbu aone nani aliandika. Akaunti ya Gi-tae. Wiki tatu zilizopita, saa saba mchana. Yeon-su aliikumbuka ile saa saba. Walikuwa wamekuja pamoja hapa hapa kukagua nafasi ya seva mpya, Gi-tae akasema baridi imemzidi, hawezi kusimama. Yeye akatoka mbio juani, akapanga foleni kumnunulia supu ya mifupa, akairudisha ameikumbatia isipoe. Wakati yeye yuko kwenye foleni, mwenzake yuko humu anamwandika. Kisha akainywa ile supu. Akashukuru.

Ama kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Iliuma. Ilimuuma kuliko baridi, na baridi ilikuwa imeshafika begani.

Alipiga simu. Ilipokelewa kabla haijaita mara ya pili.

"Kaka."

Vyombo vya mgahawa viligongana huko nyuma.

"Umefungua orodha," Gi-tae akasema.

"Niambie si wewe." Alijisikia akiomba, akajichukia. "Sema mtu aliiba akaunti yako. Nitakuamini, Kaka. Sema tu."

"Usichomoe kebo," Gi-tae akasema. "Noh alichomoa. Ndiyo siku aliyokufa."

"Nimekuuliza kitu kingine."

Pumzi ndefu. "Nilikuwa nakufa, Yeon-su. Wewe huijui ile baridi."

"Naijua. Ipo begani."

"Ningefanyaje? Ukimwandika mwingine linakupa nafuu, lakini halikuachii kabisa mpaka mwenyewe aje aunganishe kwa mkono wake. Sikukurupuka. Nilipitia watu wote ofisini, mmoja mmoja. Pyo ana mapacha. Bosi anauguza wazazi wote wawili. Mimi mwenyewe nina mke, nina mtoto wa miaka tisa. Nikafika kwako..."

"Ukafika kwangu. Enhe?"

"Nikaona wewe huna watu wengi wa kukulilia."

Yeon-su aliketi sakafuni. Miaka tisa. Sikukuu zote alizomshikia zamu ili aende kwa mkewe. Alimpa kila kitu kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumpa, na kumbe kule kutokuwa na mwingine ndiko kulikomponza. Alilia kwa sauti bila kujizuia, na feni zikamfuatisha, zikivuta kwa kwikwi.

"Na mama yangu?" akauliza alipoweza. "Yeye umemwandika ili asibaki hata huyo mmoja?"

"Hapana, hapana! Mashine inataka njia ya akiba, unajua mwenyewe." Sauti ya Gi-tae ikawa laini, ile ile ya kumfundishia kazi. "Tena sikiliza, mdogo wangu. Unaweza kupona hata sasa. Jina lililokwisha kutumika halifutiki, lakini la chini yake linaweza kupandishwa mahali pake. Mpandishe mama. Ana miaka sabini na moja, ameshakula chumvi nyingi. Bonyeza mara moja tu. Mimi sitamwambia mtu."

Yeon-su alijaribu kufuta jina lake kwanza. Skrini ikajibu: Iko kazini, haiondolewi. Alijaribu kumpandisha Gi-tae. Imechakaa, nyingine zipo. Akabonyeza sehemu ya kuongeza jina jipya, aone tu. Kijistari kikaanza kupepesa kwenye nafasi tupu.

"Unaandika nini?" Gi-tae alikuwa amesikia vibonye. "Yeon-su? Nakuomba. Usimwandike So-dam. Ni mtoto yule... Yeon-su, usimwandike mwanangu!"

Haki ya nani, Yeon-su hakuwa amemfikiria. Alikuwepo hospitalini siku So-dam alipozaliwa, saa yake aliijua, adhuhuri, saa ya farasi. Lakini aliyemleta yule mtoto chumbani alikuwa baba yake. Mwizi humdhania kila mtu mwizi.

Sasa lakini mtoto ameshaletwa. Na vidole vya Yeon-su, juu ya vibonye, vikaanza kupata joto.

Joto tamu. Kidole kimoja, viwili, kiganja. Wiki tatu hakuwa na joto kwenye mkono ule, na lilimtoa tena machozi, safari hii ya raha. Alitaka. Usimsikilize atakayekwambia hakutaka. Nyuma ya ghala, karibu sana, chini pale ambapo mtu aliyekaa sakafuni angekuwa na kichwa chake, kitu kikanong'ona kwa sauti ya msichana.

"Yeyote."

Yeon-su hakugeuka.

"Yeyote tu... nasikia baridi."

Haikuwa sauti ya ukali. Ilikuwa ya mtu aliyengoja mlango ufunguliwe siku nne, na aliyemngoja anakula wali kwao. Yeon-su aliielewa kuliko alivyotaka kuielewa. Akaondoa vidole kwenye vibonye. Joto likakatika papo hapo.

Akateremka kwenye orodha hadi kwenye jina la mama yake. Hilo lilikuwa halijatumika. Futa? Ndiyo. Una hakika? Ndiyo.

Ok Bun-rye akatoweka.

"Umefanya nini?" Gi-tae akauliza.

"Nimemtoa mama yangu."

Kwenye simu kitu kilianguka kikavunjika, bakuli bila shaka. "Mrudishe. Mrudishe sasa hivi! Yeon-su, hujui ulichofanya. Ukibaki peke yako, halafu wewe uka... Mrudishe!"

Yeon-su aliitazama tena ile orodha. Noh, hayupo. Yeye, njia mbili. Na chini yake, sasa bila mtu katikati, Eom Gi-tae. Itumike nyingine zote zikikosekana. Akaelewa mama yake alikuwa amewekwa pale kwa kazi gani. Alikuwa ukuta.

"Nikikatika mimi, inakuja kwako," akasema.

Gi-tae alilia. Alilia kama mtoto, mgahawani mbele za watu, akimwita dada, akimwita mdogo wangu, akiapia kaburi la baba yake.

"Usiniite dada," Yeon-su akasema. "Nina jina. Unalijua, uliliandika."

Kisha akabadilisha neno la siri la ghala, refu, la herufi alizozichapa amefumba macho nusu, asiandike mtu mwingine yeyote chini yake. Akaandika na seva mbili mpya, kwa kuwa ndiyo kazi iliyomleta. Mlango ulipojifungua wenyewe, Shangazi Bong alikuwa bado amesimama nje na ndoo yake. Alivua sweta lake, akamvisha.

Gi-tae alikuwa ngazini, amelowa chapachapa, mikononi kopo la supu ya moto alilolifunga kwa taulo.

"Kunywa," akasema. "Kunywa, tafadhali. Kabla haijapoa."

Na tangu jioni hiyo hajaacha. Amehamia jengo analokaa Yeon-su, ghorofa ya chini yake. Mkewe hajui sababu, wamegombana, amehama hivyo hivyo. Kila adhuhuri supu. Kila jioni anapita kuhakikisha joto la sakafu, lile la majira ya baridi, limewashwa, kiangazi hiki, anagusa sakafu kwa kiganja, anamtazama Yeon-su midomo kama imebadilika rangi. Anamsindikiza kwa daktari. Anamshika mkono akivuka barabara. Ofisini wanamsifu, wanasema jamani upendo bado upo duniani. Mama naye hupiga simu kutoka kijijini, anasema, "Huyo kaka yako ana roho nzuri, mwanangu. Usimpoteze."

"Sitampoteza, mama," Yeon-su hujibu.

Na kila asubuhi, saa kumi na mbili kamili, simu huita. Ni yeye. Hasalimii, huuliza tu: "Umeamka?" Yeon-su huwa haipokei haraka. Hulala chali akiitazama inavyotambaa juu ya mto, ikiita mara tano, mara sita, ili huko chini naye aonje. Ndiyo starehe aliyobakiwa nayo.

Leo iliita mara kumi na nne. Alitaka kuipokea tangu ya pili. Vidole ndivyo vilivyokataa kukunjika.